Tuanze na Safari ya Kurudi: Usafiri wa Pamoja Kwenye Mbio na Mabonanza Yetu

Hotuba hii niliitoa kwenye kikao cha viongozi wa klabu za jogging za Dar es Salaam. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa safarini, waliokuwa zamu kazini, na wale waliotuma udhuru asubuhi ileile ya kikao. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa klabu, wazee wangu mlioanza mchakamchaka kabla sisi hatujajua kufunga kamba za viatu, dada zangu, kaka zangu: Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Michezo oyee!

Hiyo ni oyee ya watu wanaosubiri chakula. Jogging oyee! Naam, hiyo imefika mpaka nje.

Nimepewa dakika 20 nizungumzie usafiri. Daktari aliyenitangulia amezungumzia magoti, na nimeona kila mmoja akijipapasa goti lake chini ya meza. Mimi sina cha kuwapapasisha. Nina swali tu: bonanza lililopita, ulifikaje uwanjani? Wangapi mlikuja na gari, dereva wewe, abiria wewe, viti vinne vinapunga upepo? Nyosheni mikono. Mwenyekiti, na wa kwako nimeuona.

Asanteni kwa ukweli. Sasa twende.

Mnajua Dar es Salaam ya Jumapili alfajiri ilivyo. Saa 11 barabara ni nyeupe. Kutoka Mbezi Mwisho mpaka Coco Beach unateleza tu; Ubungo hakuna foleni, Mwenge hakuna foleni. Halafu ukibakiza mita 500 kufika uwanjani, unasimama. Mbele taa nyekundu, nyuma honi. Foleni hii imetoka wapi? Ya wafanyakazi? Leo Jumapili. Ya malori ya bandarini? Hayapiti huku. Foleni hii ni yetu, tumekuja nayo kutoka majumbani kwetu. Mtu kaamka saa 10 usiku ili akakimbie kilomita 10, lakini yuko tayari kugombana na mlinzi ili asitembee mita 400 kutoka alipoegesha.

Na kuna tangazo ambalo bonanza halikamiliki bila hilo. Muziki unakatwa katikati, MC anashika kipaza sauti: "Mwenye Noah nyeusi, umeziba geti la watu, njoo uondoe gari lako." Mnacheka kwa sababu mnalijua. Safari moja tangazo hilo lilirudiwa mpaka MC akakaukiwa na koo. Getini amesimama mzee mwenye nyumba, kavaa suti yake, Biblia mkononi, ibada ya kwanza imeshaanza, gari lake limefungiwa ndani na Noah ya mtu asiyemjua. Mwenye Noah yuko wapi? Yuko kilomita ya 7, amejaza muziki masikioni, anasikiaje? Vijana wakaishika ile Noah upande mmoja, wakairusharusha mpaka ikasogea. Mzee akatoka. Kabla hajaondoka akashusha kioo akatuambia: "Nyie mnakuja kutafuta afya zenu kwenye presha yangu."

Nani alimjibu? Hakuna. Na baadaye mkutano wa mtaa ulipokaa, wakazi walikataa kiwanja kile kisitumike tena kwa bonanza lolote. Tumekipoteza mpaka leo. Hawakulalamikia muziki. Hawakulalamikia chupa za maji tulizotupa, ingawa walikuwa na haki. Walilalamikia magari.

Ndugu zangu, kabla hamjasema kwamba usafiri wa pamoja ni mambo ya Ulaya, niwaulize wazee: mlikwendaje kwenye mechi za mtaa? Timu ya mtaa ilipokuwa na mechi ya ndondo Mbagala au Manzese, nani alikwenda na gari lake? Ilikodiwa daladala moja, au lilitafutwa lori, ngoma mbele, wachezaji katikati, mashabiki wakining'inia. Mpaka leo klabu nyingi za Temeke zinakwenda hivyo, mtaa mzima ndani ya daladala mbili, na wakishuka tu unajua wamefika. Sisi tulionunua magari ndio tuliojitenga. Tukapata gari, tukapoteza wimbo wa njiani.

Lori silipigii debe, mnielewe. Kupandisha watu juu ya lori la mchanga ni hatari na ni kosa kisheria, na kwa kweli tuliponea kwa rehema za Mungu. Ninachosema ni kwamba mazoea ya kusafiri pamoja ni yetu, hatuhitaji mtaalamu wa kutufundisha.

Basi kama ni yetu, mbona yanatushinda? Mimi ndiye ninayeshughulikia gari la klabu yetu, na kazi hiyo imenifundisha kusikiliza sababu. Ukimuuliza mwanachama kwa nini hapandi gari la klabu, atakwambia nauli kubwa. Unashusha nauli, hapandi. Atakwambia kituo kiko mbali na kwake. Unasogeza kituo, hapandi. Atakwambia hapendi kubanana. Unaleta gari kubwa, hapandi. Hizo zote ni sababu za heshima. Ile ya kweli anaificha moyoni, nayo ni swali dogo: nitarudi saa ngapi?

Nitarudi saa ngapi! Hakuna mtu anayeogopa kwenda. Kwenda kuna saa yake, mbio zinaanza saa 12, kila mtu anajua. Anachoogopa ni kukaa uwanjani saa 4 asubuhi, jasho limekauka, mtoto nyumbani anasubiri kupelekwa mahali, na gari la klabu haliondoki kwa sababu watu watatu hawajamaliza supu.

Mmeona? Kila mtu hapa anamjua mtu wa supu. Wengine ndio watu wa supu wenyewe.

Kwenye klabu yetu jambo hili lilifikia ugomvi. Tulikuwa na Coaster moja. Mbio zinaisha saa 2 na kitu, halafu bonanza lenyewe ndiyo linaanza: muziki, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, supu ya mbuzi na chapati. Kundi moja linataka kuondoka mara moja liwahi ibada au liwahi familia. Kundi lingine linasema tumekuja kwa ajili ya hiyo supu, kukimbia ni kisingizio. Dereva yuko katikati, kila upande unamvuta. Siku moja dada mmoja, mwanakwaya, alipanda bodaboda akaondoka kwa hasira, na kuanzia wiki iliyofuata akawa anakuja na gari lake. Pamoja naye wakaondoka wengine watano, kila mmoja na gari lake. Kuchelewa kwa gari moja kukazaa magari sita barabarani.

Tulichofanya hakikuhitaji fedha. Tuliacha kukodi Coaster moja tukakodi Hiace mbili, na tukazipa majina: Gari la Ibada na Gari la Supu. Gari la Ibada linaondoka saa 2:45 kamili, awepo asiyekuwepo. Gari la Supu linaondoka saa 5. Unachagua wakati wa kulipia kiti, na ukichagua umechagua. Ukimaliza mbio umechelewa Gari la Ibada, kiti chako kinahamia Gari la Supu kama nafasi ipo, hakuna atakayekupigia simu kukubembeleza. Wale sita walirudi. Mwanakwaya ndiye anayesimamia Gari la Ibada sasa, na niwaambie ukweli, hata mimi namuogopa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa kuliko yote, mkisahau mengine yote ya leo msisahau hili: mkipanga usafiri, anzeni na safari ya kurudi. Andika saa ya kurudi kabla hujaandika saa ya kwenda. Itangaze. Ilinde. Gari likiondoka saa 2:46 badala ya 2:45, umeshampoteza mtu mmoja.

Na kurudi si saa peke yake. Kwa nini mtu anapenda kuja na gari lake? Mle ndani kuna taulo, nguo za kubadilisha, simu, pochi, chupa ya maji, khanga ya mke wake. Gari la mkimbiaji ni kabati lake. Ukimwambia aje na basi bila kumwambia ataweka wapi vitu vyake, unamwambia akimbie na pochi mkononi. Basi gari la klabu lisiondoke kwenda kutafuta abiria wengine wakati watu wanakimbia. Libaki palepale, dereva au mwanachama mmoja abaki nalo, mabegi yaandikwe majina. Akina dada wapate sehemu ya kubadilishia nguo. Pazia la dirishani linatosha kabisa, na halimgharimu mtu. Mambo madogo haya ndiyo yanayoamua.

Sasa nije kwa waandaaji, na najua wengine mmo humu ndani. Sisi tunawalaumu wakimbiaji kwa kuja na magari, lakini nani aliyewalazimisha? Ukipanga mbio zianze saa 12 asubuhi, maana yake mtu wa Chanika atoke nyumbani saa 9 usiku. Kwa usafiri gani? Daladala za saa hizo ziko wapi? Joto la Dar tunalijua, hatuwezi kuanza saa 3 watu wakaanguka njiani. Lakini mwandaaji aliyeamua saa ameamua pia nani atakuja na kwa usafiri gani.

Kuna dada mmoja, fundi cherehani wa Gongo la Mboto, anakimbia kuliko wengi mlioko humu. Kwa miaka kadhaa hakuwahi kushiriki mbio hata moja upande wa Masaki na Oysterbay. Tukadhani hana ada ya kujisajili. Kumbe ada anayo. Alichokosa ni mtu wa kumpitisha kichochoroni kwake saa 10 usiku mpaka barabarani, na hata akifika, angesimama kituoni peke yake gizani akisubiri gari ambalo huenda lisije. Mume wake alimkatalia, na mimi simlaumu. Gari la pamoja lilipoanza kupita upande ule, likiwachukua akina mama wanne kituo kimoja chenye taa, alikuja. Mbio zake za kwanza aliingia kumi bora ya wanawake. Sasa fikirini, ni wangapi wa namna yake hatujawaona kabisa, kwa sababu tumeifanya michezo yetu iwe ya watu wenye funguo za gari?

Mwandaaji anaweza kufanya nini? Aulize. Fomu ya kujisajili inauliza saizi ya fulana, inauliza aina ya damu, inauliza namba ya ndugu wa karibu. Mbona haiulizi unatokea wapi na utafikaje? Kule New York, mbio za marathoni zinaanzia Staten Island, kisiwa, na haiwezekani maelfu ya watu waende na magari. Kwa hiyo mkimbiaji anachagua mapema kwenye usajili wake: atapanda feri au basi, na saa ngapi. Boston nao mwanzo uko Hopkinton, mji mdogo kilomita 42 kutoka mwisho wa mbio, na waandaaji wanawabeba wakimbiaji kutoka mjini kwa yale mabasi ya shule ya manjano. Usafiri kwao ni sehemu ya mbio, kama maji na vipimo vya muda.

Mtasema hao wana fedha. Sawa. Lakini kuongeza swali moja kwenye fomu ni shilingi ngapi? Ukishajua kwamba una watu 60 kutoka Mbagala na 40 kutoka Kimara, kazi imekuwa nyepesi. Usipojua, kila mmoja anawasha gari lake.

Na chagueni mahali kwa akili. Tuna mfano mzuri mbele ya macho yetu. Mwendokasi wa awamu ya kwanza, yale mabasi yenye njia zake maalumu, ulioanza mwaka 2016, unatoka Kimara unakuja mpaka Kivukoni. Ukishuka Kivukoni, pantoni la Kigamboni lile pale, unatembea tu. Ina maana mtu wa Kimara, mtu wa Ubungo, mtu wa Magomeni anaweza kufika Kigamboni bila gari hata moja, anavuka bahari anapunga upepo, na mbio zikianzia karibu na gati anashuka anaanza kupasha misuli. Lakini sisi tunafanya nini? Tunaweka mbio kilomita nyingi ndani huko ufukweni, kwa sababu pana mandhari ya kupiga picha. Kila gari linazunguka Daraja la Nyerere, kila gari linalipa pale getini, halafu tunalalamika kwamba Kigamboni ni mbali. Kigamboni si mbali. Tumeifanya iwe mbali.

Nizungumzie fedha, maana naona waweka hazina wameanza kusinzia.

Ugonjwa wetu wa kwanza ni kujiandikisha kwenye grupu la WhatsApp. Unatuma ujumbe: nani anakwenda na gari la klabu? Majina 35. Vidole gumba, alama za moto, "tupo pamoja". Unakodi Coaster ya viti 28 na unaanza kuwaza wale saba utawaweka wapi. Asubuhi wamekuja 14. Wengine wamelala, mmoja amepata lifti, mmoja anasema aliandika tu kutia moyo. Kutia moyo! Mwenye gari hatii mtu moyo, anataka hela yake.

Dawa ni moja. Jina halihesabiki mpaka hela iingie. Kiti kinalipiwa kwa simu kabla ya Alhamisi saa 12 jioni, na hakirudishwi, lakini unaruhusiwa kumuuzia mwenzako. Na kwenye hesabu, msigawe gharama kwa idadi yote ya viti. Gari la viti 28 ligaweni kwa watu 20. Hela ya vile viti nane vya ziada ndiyo itakayobeba dharura: kijana asiye na kitu tunayemchukua bure, gurudumu likipasuka, dereva akidai ya chai. Hela zikibaki, zinaingia kwenye mfuko wa safari inayofuata. Tangu tumefuata utaratibu huo, sijawahi kupitisha kofia ndani ya gari, na mnajua aibu ya kupitisha kofia saa 11 alfajiri.

Ukishapata fedha, tafuta gari kwa macho mawili. Daladala ikitoka kwenye njia yake kwenda kukodiwa inahitaji kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Mwenye gari akikwambia "hakuna shida, trafiki wote ni wangu," tafuta mwingine. Halafu, na hili nalisema polepole ili lieleweke, muulize dereva alilala saa ngapi. Daladala nyingi Jumamosi zinafanya kazi mpaka usiku mkubwa, kwa sababu dereva anatafuta hesabu ya tajiri. Ameegesha saa 5 usiku, wewe unamtaka saa 9 na nusu. Amelala muda gani hapo? Umekusanya watu 28, mababa na mamama, ukawakabidhi kwa mtu anayeendesha macho yamefumba nusu. Sisi tunakodi kuanzia Jumamosi saa 12 jioni. Inaongeza gharama, ndiyo. Dereva anaegesha mapema, anakula, analala. Na uwanjani naye apate supu yake, asiachwe ndani ya gari akinusa tu harufu.

Sasa safari ndefu. Wengi wenu kila mwaka mwishoni mwa Februari mnapanda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon. Mbio zile zilianza mwaka 2003 na sasa mji mzima unajaa. Hoteli zinajaa, nyumba za wageni zinajaa, hadi mashangazi waliosahauliwa wanakumbukwa. Dar mpaka Moshi ni kilomita kama 560. Watu wanakwenda wawili wawili ndani ya gari, wanakimbia Jumapili asubuhi, wanapokea medali, wanaoga, na mchana huohuo wanashika usukani kurudi, kwa sababu Jumatatu kuna kazi.

Jamaa yetu mmoja alikimbia kilomita 21, mbio nzuri tu, akaondoka Moshi na mkewe saa 7 mchana. Wamepita Same, wanakaribia Hedaru, msuli wa mguu wa kulia ukakaza. Ule mguu wa breki. Mguu umenyooka kama fimbo, haukunji, na mbele kuna lori. Alivuta breki ya mkono, akatoka nje ya barabara, wakasimama vumbini. Mke hajui kuendesha. Walikaa pale mpaka jioni, akina mama wauza vitunguu wakimkanda mguu. Alipotusimulia tulicheka sana. Halafu kukawa kimya, kwa sababu kila aliyekuwepo alijua kwamba na yeye huwa anarudi hivyohivyo.

Daktari wa magoti, uko hapo? Mtu aliyekimbia kilomita 42 asubuhi anafaa kuendesha kilomita 560 mchana? Anatikisa kichwa. Mmeona wenyewe.

Na kuna hesabu nyingine. Tunapenda mbio za kuchangia mazingira. Tunavaa fulana ya kijani, tunapanda mti, tunapiga picha na mti. Haya, tupige hesabu ya moshi. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Gari dogo likienda kilomita 10 kwa lita, Moshi kwenda na kurudi ni lita 112 hivi, sawa na kilo 258 za hewa hiyo. Mkiwa wawili, kila mmoja amebeba karibu kilo 129. Coaster ya dizeli, tukiikadiria kilomita 7 kwa lita, itaunguza kama lita 160, na lita ya dizeli inatoa kilo 2.7, jumla ni kilo 430 hivi. Gawanyeni kwa watu 28. Kila mtu kilo 15. Kilo 129 na kilo 15! Mti wako uliopigwa picha nao utachukua miaka kufidia tofauti hiyo, kama mbuzi hajaula.

Basi siku hizi si lazima liwe gari. Treni ya abiria ya kaskazini ilirudi kwenda Moshi Desemba 2019. Si ya kila siku na haina haraka, kwa hiyo inamfaa mwenye likizo. Lakini kwa Morogoro na Dodoma hatuna tena kisingizio. Treni ya SGR, ile ya reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huohuo. Klabu ikikata tiketi kwa pamoja, mnakaa behewa moja, mnapiga soga, mnafika miguu mibichi. Ila kumbukeni kwamba Morogoro treni inawashusha Kihonda, haiwashushi uwanjani. Mkifika watu 40 kila mmoja akaita bajaji yake, tumerudi palepale. Zungumzeni na klabu ya wenyeji mapema, walete gari stesheni. Nao wakija Dar, sisi tunawapokea. Hilo ni jambo la simu moja.

Simkatazi mtu gari lake. Mwenye mtoto mchanga aje na gari. Mwenye ulemavu aje na gari, na nafasi ya kuegesha karibu kabisa na mlango iwe yake, si ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi ana miguu. Wazee wetu waje na magari. Na hata hao, wakipita njiani wakamuona mtu wa fulana yetu kituoni, wampakie. Lakini wewe kijana wa miaka 30, unayejisifu kwamba kilomita 10 unamaliza kwa dakika 45, unakuja na gari peke yako kwa sababu gani? Nijibu baadaye, kando.

Na kuegesha nako kuna hesabu yake. Coaster ni mita 7. Magari madogo 14 yanayobeba watu walewale 28 yakipangwa pembezoni mwa barabara, kila moja linataka karibu mita 6. Ni zaidi ya mita 80 za mtaa wa watu. Mita 80 zinaweza kuwa geti la mzee yule, kibanda cha mama wa vitumbua, na njia ya gari la wagonjwa. Mkienda kuomba kiwanja kwa serikali ya mtaa, msiende na barua ya kuomba tu. Nendeni na mpango wa usafiri: magari mangapi yatakuja, yataegeshwa wapi, nani atasimama getini. Mwenyekiti wa mtaa atawasikiliza kwa sikio jingine.

Nakaribia kukaa. Bonanza letu la pamoja la Kigamboni linakuja, na safari hii mwanzo wa mbio uko karibu na pantoni, kamati imekubali. Pale mezani kwa Katibu kuna karatasi. Kila klabu iandike mambo manne: watu wangapi, mtakusanyikia kituo gani, nani anakusanya hela, na saa yenu ya kurudi. Anzeni kujaza ile ya mwisho. Klabu zenye watu chini ya 10 zisikodi gari peke yake, zijiunge na jirani. Tabata na Segerea mnaweza kupanda gari moja, acheni utani wenu wa mpira kwa siku moja. Gari la Mbagala limeshapatikana. Gongo la Mboto bado kuna viti, na yule dada fundi cherehani ndiye anayeandikisha. Upande wa Bunju hakuna aliyejitokeza kusimamia, nahitaji mtu mmoja kabla hatujatoka humu ndani.

Mwenyekiti, maswali nayapokea. Ya bei ya kukodi mwulizeni dereva wa Mbagala, nimekuja naye, yule pale mlangoni mwenye kofia nyeupe.